Majina ya Msalabani

Juzi nilipita Kajiado, nikauona tena msalaba wa mawe wa askari waliokufa vitani. Nikakumbuka alasiri moja nilipokuwa mtoto, baada ya baba kwenda vitani Somalia, upepo ukinuka vumbi na mbuzi wa sokoni. Mama hakujua kusoma, kwa hivyo nilimsomea majina yote yaliyochongwa pale.

"Soma tena, pole pole," akasema.

Nikasoma tena. "Baba hayuko hapa!" nikashangilia. "Basi atarudi kutoka Somalia!"

Mama alikumbatia jiwe lile akalia, nami nikadhani ni furaha. Sikujua kwamba msalaba ule ulikuwa wa vita vya zamani, na kwamba mama alitaka tu mahali pa kumlilia mumewe.

Baba hakuletwa, hata viatu vyake. Mama tulimzika Kitengela, peke yake.