Sifuri Tatu za Eedo Idil

"Abaayo Hani, rudi nyumbani. Eedo ametangulia."

Kaka yangu Hanad alinipigia simu nikiwa kwenye dirisha la dawa, chupa ya morfini ndiyo kwanza imetiwa mkononi mwangu. Nilisema inna lillahi, nikamrudishia mfamasia chupa yake.

Idil alikuwa shangazi yetu. Sisi Wasomali husema eedo, na dada ni abaayo. Alizaliwa Sangailu, akauza maziwa ya ngamia hapa Garissa miaka thelathini. Mteja akilalamika kwamba yananuka moshi wa kufukizia vyombo, alimjibu, "Basi kanywe maji ya mto, hayo hayana moshi." Alikuwa na mdomo, lakini kwa shida zake mwenyewe hakulalamika kamwe.

Saratani ya koo ilipomzuia kumeza hata uji, tuliandikishwa kwenye mradi wa madaktari wa Nairobi na ng'ambo, wa kuwapunguzia maumivu wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Watu wema, sikatai. Kila Jumanne walikutana kwenye kompyuta na kusoma fomu zetu. Nesi Kananu, mtu wa Meru, alikuja na swali lao: kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi?

Nilitafsiri. Eedo akajibu, "Alhamdulillah."

"Yaani haumwi?"

"Anamshukuru Mungu," nilisema.

"Basi niandike sifuri?"

Nilimwacha aandike. Kumwambia mgeni, eedo akisikia, kwamba analia tukimgeuza kitandani, niliona ni kumvunjia heshima.

Wiki tatu, sifuri tatu. Wa ng'ambo wakaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Wiki ya nne nilimfuata Kananu hadi nje.

"Dada, sisi tunasema Alhamdulillah hata mifugo yote ikifa kwa ukame."

Akashika kichwa. "Mbona hukuniambia, Hani?"

"Na wewe mbona hukuuliza kama analala?"

Fomu haikuwa na swali hilo. Na kubadilisha namba ili apewe morfini kulitaka sahihi ya daktari wa mradi, ambaye alikuwa safarini. Siku sita! Najua saa ya kufa ni ya Mola. Zile siku sita zilikuwa za watu, na wiki tatu za mwanzo nilichangia mimi.

Tulimwosha mimi na binti yake Arbia, tukamvisha sanda. Wanaume walimswalia baada ya alasiri, wakampeleka makaburini. Sisi wanawake hatuendi. Tulisimama mlangoni mpaka gari likapinda kona ya msikiti.