Mna Swali Lolote?

Mzee wa kanisa tuliyekuwa naye usharikani alinichukia, na mimi nilimchukia, wala hakuna kati yetu aliyejisumbua kuficha. Yeye alikuwa na duka la friji na redio Kariakoo. Mimi nilikuwa nauza mitumba barabarani, karibu sana na mlango wake, kiasi kwamba nikifungua belo la nguo vumbi lote linaishia kwenye vioo vyake. Enzi za ruksa hizo, biashara zimefunguliwa. Miaka michache nyuma tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni sote, yeye na mimi, halafu ghafla mwenzangu akawa na kiyoyozi na akaanza kuongea na watu huku anatazama juu ya vichwa vyao. Katikati ya wiki ananifukuza mlangoni kwake. Jumamosi namkuta kanisani anataka kunifundisha namna ya kufundisha.

Nilikuwa mwalimu wa kipaimara. Kwa asiyejua, mtoto wa Kilutheri aliyebatizwa akiwa mchanga husoma akishakua, ili aungame imani kwa mdomo wake mwenyewe, ndipo aruhusiwe kwenye meza ya Bwana. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, watoto wanasimamishwa mbele ya usharika na mzee wa kanisa anawahoji. Maswali yanajulikana, majibu yanajulikana, ni kukariri tu. Mwisho kabisa mzee anauliza, "Mna swali lolote?" na watoto wote wanaitikia kwa pamoja, "Hatunaaa!" Watu wanapiga makofi, kwaya inaimba. Hata mimi kule Njombe nilikokulia niliitikia hivyohivyo, ingawa kichwani nilikuwa na maswali ya kujaza gunia.

Ndiyo maana darasani kwangu niliweka sheria moja. Ukiwa na swali, simama, mtazame unayemuuliza, uliza kwa sauti. Sikutaka mtu wa kunong'ona. Tulikuwa tunasomea nyuma ya kanisa, na ng'ambo ya ukuta Kariakoo nzima inapiga kelele, huyu anajaribisha spika za kaseti, yule ananadi suruali za mtumba, ukinong'ona hata jirani yako hakusikii. Vijana walianza kwa woga, halafu wakafunguka. Mbona wezi ndio wanaonenepa? Rafiki yangu ni Mwislamu, ana tabia nzuri kuliko mimi, ataenda wapi? Mengine niliyajibu. Mengine nilisema sijui, na walicheka sana kusikia mwalimu hajui.

Msichana mmoja hakucheka. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kabla mimi sijahamia usharika ule. Baba yake alikuwa fundi kwenye karakana ya serikali mtaa wa Gerezani, wakampunguza kazini pamoja na wenzake, na sasa alikuwa anashinda barazani hana la kufanya. Kitu pekee kilichomtoa maneno mdomoni ni kipaimara cha binti yake. Aliniambia, "Mwalimu, siku nitakayomwona huyu amepiga magoti pale mbele, nitajua nyumba yangu haijafa yote." Binti alikuwa anayajua maneno hayo, na ndiyo sababu alikuwa haachi kuja. Alikariri kila kitu bila kukosea, sauti kavu, macho ukutani.

Jumamosi moja akasimama. "Mwalimu, mimi siamini kama Mungu anasikia. Majibu yote ninayo, lakini nikiyasema nitakuwa nadanganya."

Nikampa yale maneno yetu ya siku zote, kwamba Mungu ana wakati wake, kwamba mapenzi yake hayachunguziki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Hayo niliambiwa msibani," akasema. "Waliyasema huku wanakula wali."

Jamani! Nilitamani kumzaba kofi na nilitamani kumkumbatia, yote kwa wakati mmoja. Hasira zilinipanda, na hazikuwa juu yake. Nilikuwa nawajua watu wa kusema vile huku wanaramba vidole.

Nilimsindikiza baada ya darasa. Tulipokuwa tunakatiza Mnazi Mmoja tulikuta mkutano wa injili, mhubiri mmoja wa suti ameshika kipaza sauti, anaahidi kazi, visa, wachumba na uponyaji, vyote kabla ya jua kuzama. Nikasonya mpaka mtu wa mbele yangu akageuka. Binti akatabasamu kidogo, mara ya kwanza kumwona akitabasamu.

"Sikiliza," nikamwambia. "Mimi sina dawa kama yule. Ila usimwache Mungu kimyakimya, kama mpangaji anayehama bila kuaga. Kama una ugomvi naye, gombana naye. Mpigie kelele. Mtu huwezi kugombana na asiyekuwepo."

Tukavuka barabara. "Tatizo, mwalimu, sijui kama ugomvi wangu ni na Yeye," akasema. Nikamuuliza ni na nani basi, akasema kwaheri mwalimu, nikaitikia kwaheri, akakata kona kwenda kwao.

Habari zikamfikia mzee wa kanisa, maana darasani hapakosi mbea. Akanifuata mpaka kwenye mitumba yangu, mbele ya wateja. "Huyo binti hafai. Mwenye mashaka atasubiri mwaka mwingine."

"Thubutu! Umewahi kumuuliza mtu yeyote pale kama ana mashaka?"

"Wewe mwanamke, unawafundisha watoto ukaidi."

"Na wewe unawafundisha uongo. Kati yetu nani ana kesi kubwa?"

Tulitukanana kistaarabu, kama Wakristo wanavyoweza, mpaka mteja mmoja akaondoka bila gauni lake. Mwisho tukaenda kwa mchungaji, mtu mpole wa kuudhi, ambaye alisema binti ahojiwe kama wenzake, akijibu vizuri amepita. Mzee alikubali huku amekunja uso. Tulipotoka akanisogelea. "Akitoa neno moja la ziada pale mbele, namfuta kwenye orodha mimi mwenyewe. Na wewe darasa hilo hutaliona tena." Nilijua anaweza. Nusu ya mabati ya kanisa lile alikuwa amenunua yeye, na wiki haikupita bila kutukumbusha.

Sikumficha binti. Nilimweleza kila kitu, nikamwambia achague mwenyewe, na kwamba akiamua kukaa nyumbani nitakwenda mimi kumkabili baba yake. Akasema atakuja.

Jumapili ya kuhojiwa kanisa lilijaa. Akina mama wa umoja wa wanawake walikaa viti vya mbele na sare zao za kitenge, vilemba vyeupe vimepigwa pasi, na katikati yao mama mwenyekiti wao, mwenye sauti ya kuanzisha wimbo popote penye jeneza. Sikuwa nampenda huyo pia. Baba wa binti alikaa nyuma kabisa, amevaa koti lililokuwa limembana zamani na sasa linampwaya.

Mzee akahoji. Alimrundikia yule msichana maswali kuliko wenzake wote, na yale marefu kwa makusudi. Akayajibu yote. Mzee akaangalia karatasi yake, akaangalia dari, akakosa pa kumshika. Nikashusha pumzi. Nikajua tumepita.

"Haya," akasema mzee, karatasi ameshaikunja. "Mna swali lolote?"

"Hatunaaa!"

"Mimi ninalo."

Makofi yalikuwa yameshaanza, yakafia mikononi. Mzee akasema, "Keti, binti," lakini hakuketi, na hakumtazama mzee. Aligeuka mzima mzima, akawatazama akina mama wa sare, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, jinsi nilivyomfundisha mimi.

"Mama yangu alikuwa mwenzenu. Alikuwa na kitenge hichohicho. Alipoanza kuumwa nilikuwa nakuja hapa mlangoni kila Jumapili, nawaomba mje nyumbani kusali naye. Mlisema mtakuja. Alikuwa ananiambia nifagie, nipange viti, wageni wanakuja. Mlikuja siku ya kuzika. Mlijaa mpaka uani. Sasa nauliza. Mungu hakuja, au ni ninyi tu hamkuja?"

Mzee akapaza sauti, "Afutwe huyu! Mchungaji, umesikia mwenyewe!" Mimi nikasimama, nikiwa tayari kumwaga kila nilichokuwa nimekiweka kifuani tangu siku ya kwanza aliponifukuza mlangoni kwake. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Lakini mtu mwingine alitangulia.

Mama mwenyekiti alikuwa amesimama, ameshika kiti cha mbele yake. Ile sauti ya misibani haikuwepo.

"Ni sisi," akasema. "Mtaani walisema kakanyaga miwaya, kwamba ni ukimwi. Siku hizo ukisikia hivyo ulikuwa unaogopa hata kikombe cha nyumba ile. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu tusiende. Ni sisi tu, mwanangu. Yeye usimsingizie."

Yule binti alimtazama, na mimi nilimtazama yeye, nikiona uso wake unavyohangaika, kama mtu aliyebeba mzigo akaambiwa mwenyewe ni mwingine na hajui aushushe wapi. Nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira kwamba nalia mbele ya yule mzee.

"Basi Yeye simdai," akasema. "Nawadai ninyi."

Akaketi, akavuta sketi yake magotini.

Mzee alikuwa bado anamwangalia mchungaji, anasubiri. Mchungaji akavua miwani, akaifuta kwa joho, akaivaa tena, taratibu mpaka nikatamani kumsukuma.

"Aliulizwa kama ana swali," akasema. "Alikuwa nalo." Halafu akafungua kitabu chake cha matangazo, akasoma kwa sauti ileile ya kila Jumapili. "Wiki ijayo, saa tatu asubuhi, watoto hawa wote watapiga magoti hapa mbele. Akina mama, safari hii msichelewe."