Nyumba yetu niliitiki "hapana"

Wakuu, habari za huko. Hii ni yangu mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nilikuwa nimemaliza chuo pale Nchiru, niko tu nyumbani Kianjai nikikatia ng'ombe wa mama nyasi. Nikapata kazi ya kukusanya data. Research ilitaka kujua kama dispensari yetu iletewe kliniki ya akili kila wiki, ama watu waendelee kupanda gari hadi Meru town. Wagonjwa wakikosekana kwa form, hakuna kliniki.

Swali la kwanza: "Je, kuna mgonjwa wa akili katika nyumba hii?"

Hapana. Hapana. Wiki nzima hapana. Nikaanza hata kufurahia, maana ukijibiwa hapana unaruka kurasa zote zilizobaki. Uvivu wangu naukubali.

Kwetu pia kulikuwa kwa list. Najua, sikufaa kuhoji nyumba yetu, msinianze. Mama alikuwa anachambua maharagwe, akasema hapana bila kuinua kichwa. Nikatiki.

Na ndugu yangu mkubwa, Kinoti, alikuwa chumba cha nyuma. Miezi mitano hashiki jembe, haongei na mtu.

Sikuona kama nimedanganya. Kwetu mgonjwa wa akili ni yule anazunguka soko la Gakoromone bila nguo. Kinoti alikuwa "anafikiria sana" tu.

Halafu nikafika kwa Mama Karimi, mjane wa huku juu. Akasema hapana, nikafunga form, akanipa chai. Nikamuuliza tu vile watu huulizana, Karimi siku hizi yuko wapi?

"Yuko ndani. Huyo anafikiria sana, mwanangu. Kamba zote tulificha. Hata ya ng'ombe nalala nayo."

Nikaweka kikombe chini.

Nikapigia supervisor. Nikamwambia, "Madam, hawa watu hawatudanganyi. Ni sisi tunauliza juu ya mtu mwingine."

Akasema nisibadilishe form nilizojaza, lakini niandike hayo yote ayapeleke juu. Huyo madam namheshimu hadi leo, wengine wangeniambia nimalize kazi niende. Na aliomba Karimi aonwe na daktari kwanza, bila kungoja research yoyote.

Baadaye swali likarudi hivi: "Kuna mtu hapa anafikiria sana mpaka ameshindwa na kazi zake?" Tukarudia nyumba zote. Kwetu nikaenda mimi, na mwenzangu wa kazi ndiye alishika kalamu.

Mama aliweka ungo chini. "Si hiyo ndiyo mngeuliza tangu mwanzo?"

Akaangalia mlango wa nyuma.

"Andika wawili. Kinoti, na mimi."

Wakuu, nilikuwa nimekula kwa huyo mama kila siku na sikuwa najua.

Kliniki ilikuja, ni kila Alhamisi. Mama na Kinoti wanaenda pamoja, mama akibeba kiondo ndio watu wafikirie ni soko.

Nilichojifunza ni kwamba mtu hukujibu kwa neno lake, si lako. Sasa niambieni, Embu, Mbeere, kokote mlipo, kwenu hii kitu mnaiitaje? Na kwa nyumba yenu mlisema hapana?