Mlango Niliomfungia Baba Mkwe

Admin, ficha jina langu. Na wale wajukuu wangu wanaofuata hii page, mkinitambua, jifanyeni hamjanitambua. Mimi ni mama wa miaka sabini na tano, mjane, nakaa peke yangu kwa boma huku upande wa Nyamira. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Jambo hili sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Miaka ya sabini ikianza nilikuwa nimeolewa juzi juzi. Nilikuwa nakaa chumba cha kupanga Kisii mjini, kile cha mwisho kwa ploti, na nilikuwa na mimba ya kwanza. Mume wangu alikuwa Kericho, kazi ya majani chai. Ndipo kipindupindu kikafika, ule ugonjwa uliokuwa unazunguka dunia. Soko likafungwa, wamama wa uji na mandazi wakaondolewa barabarani, na njia ya Mosocho, ile ya kurudi kijijini kwetu, ikawekwa kizuizi, hakuna mtu wala ndizi ya kupita. Nyinyi mlioona corona mnadhani njaa ya kufungiwa ni kitu kipya.

Baba mkwe alikuwa amefika siku moja kabla ya kizuizi, na mkungu wa ndizi begani na wimbi ya uji wangu. Kurudi kwake hakungewezekana tena. Sasa kwetu Wagusii kuna chinsoni, ile heshima ya wakwe: baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, hata mvua imnyeshee. Akawa analala kwa veranda ya duka lililofungwa, hapo karibu na mlango wangu. Mimi napika, naweka sahani kwa stuli nje ya mlango, narudi ndani, ndipo anasogea kula. Tulikaa hivyo siku nane bila kuangaliana usoni. Ndizi zikaisha, wimbi ikaisha, nikaanza kugawa kile kiugali changu mara mbili. Na niseme yote: nilianza kumkasirikia. Nikimsikia akikohoa huko nje naona kama ananidai chakula, na maskini hajaitisha kitu.

Wenye maduka na watu wa makanisa wakachanga magunia ya unga na maharagwe. Baraza la mji likatuma makarani wahesabu watu mlango kwa mlango, idadi iandikwe kwa chaki. Sheria ilikuwa moja tu, anahesabiwa yule aliye ndani ya nyumba. Siwalaumu, kwa sababu kuna watu walikuwa wanajihesabisha kwa milango mitatu.

Karani aliyekuja kwetu alikuwa mtu wa pande za ziwa, mpole sana. Akamwona mzee amesimama ukutani.

"Huyu ni wenu?"

"Ni baba ya mume wangu," nikasema.

"Basi mzee, ingia ukae, nikuandike. Wa nje siwezi kumwandika." Akainamia karatasi zake.

Mzee akavua kofia. Akakaa kidogo hivi, kisha akainua mguu wa kulia, akauweka kwa kizingiti changu. Nilimwangalia uso mara ya kwanza tangu niolewe. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa yananiomba. Alikuwa anaingia.

Nikafunga mlango. Sikuubamiza. Niliusukuma polepole mpaka akautoa mguu.

Tulikuwa tumefundishwa kwamba ukivunja chinsoni mtoto wa tumboni atapata shida, na nilimwogopea mtoto wangu. Lakini pia nilikuwa nimechoka naye. Ni kipi kilisukuma ule mlango, hata leo nikiapa nitakuwa nadanganya. Nikamsikia akisema kule nje kwa Kigusii, lugha ambayo karani hakuijua, "Umefanya vizuri, mwanangu." Hakuwa na hasira hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Karani alipoinua kichwa, nadhani alimwona tu mzee akienda zake. Akaandika moja kwa mlango wangu. Alasiri nikaletewa unga, nikasonga ugali mkubwa, nikauweka kwa stuli. Hakuna aliyekuja, ukapoa hapo hapo. Mzee alikuwa ameshazunguka kizuizi kwa njia za mabondeni. Walimpata kando ya mto, huku karibu na Sironga, ugonjwa umemmaliza. Watu wa afya wakamzika haraka na hatukuruhusiwa kumlilia.

Yule karani akawaambia majirani kwamba mzee alikataa kuingia. Habari ikatembea mpaka kijijini. Tangu siku hiyo, kila arusi kwetu lazima isemwe: huyu mzee alikubali kufa lakini heshima hakuivunja. Mume wangu aliisimulia akiwa na machozi mpaka akafa. Mimi hukaa pale naitikia kwa kichwa.

Yule mtoto wa tumboni sasa ana nyumba yake Masimba. Yeye na mumewe wamenitengea chumba, maana wanaona nimezeeka na siku zingine nalala bila kuwasha moto. Chinsoni inamzuia mama pia kuingia kwa mkwe wake, lakini mkwe wangu alinipeleka hadi mlangoni akaniambia, "Mama, mambo hayo tumeyaombea, yameisha. Ingia."

Mguu ukakataa kuinuka. Binti yangu akalia, akasema, "Mama ni kama babu tu, heshima imemjaa." Wakanirudisha nyumbani. Hawajui kwamba nilichoona pale ni mguu wa mzee.

Nikisema ukweli, nitamnyang'anya mzee sifa yake, na hana kingine alichobaki nacho. Nikinyamaza, nitakufa hapa peke yangu nikisifiwa. Jumapili mkwe wangu anarudi kunichukua. Amesema safari hii hatanisukuma, atauacha mlango wazi na akae kando.

Ninyi mnaosoma, mlio na wazazi na wakwe, nisaidieni mawazo kabla ya Jumapili. Nimwambie kwanza ndio niingie? Na akishajua, bado atauacha wazi?