Verne na Kigari Kilichokwama Mirihi

Verne Nakagiri hakupenda mawe. Yeyote aliyefanya naye kazi pale kwetu, kwenye maabara ya vyombo vya angani chini ya milima inayoiangalia Pasadena, atakuambia hivyo kabla hajakumbuka kukuambia kwamba Verne ndiye aliyekuwa dereva wa Sierra, kigari chetu kule kwenye sayari ya Mirihi. Baba yake alikuwa mtunza bustani. Wakati wa vita vya pili vya dunia serikali ilimfungia pamoja na Wajapani wenzake katika kambi ya jangwani, na alipoachiwa alikuta shamba lake lina mwenyewe mwingine, akaishia kukata majani kwenye nyua za matajiri wa San Marino mpaka alipokufa. Verne alikua akimfuata nyuma na reki kuondoa mawe, na jiwe moja likimpita, kofi la kisogo lilikuwa lake. Kwa hiyo watu husema tusimlaumu sana. Mimi nilimlaumu, tena kwa sauti, maana mimi ni Mwarmenia wa Glendale na kwetu lawama ni sehemu ya salamu.

Jina langu Zaruhi, ingawa Verne aliniita Zaro. Verne aliendesha magurudumu ya Sierra, mimi niliendesha mkono wake, ule wenye kamera ndogo ya kuchungulia chembe za mchanga. Msidhani tulikuwa na usukani. Unaandika amri leo, zinarushwa angani, kigari kinazitekeleza peke yake, majibu unayapata kesho. Kosa lolote unaliona likiwa limeshakuwa la jana. Mke wa Verne alivumilia maisha ya saa za Mirihi, ambazo kila siku zinasogea mbele kidogo mpaka unakula kifungua kinywa jua likizama, halafu siku moja akachoka, akaenda zake Oregon. Verne akarudi kwa mama yake, Bi Hatsue, kule Altadena, na mapenzi yaliyobaki akampa Sierra. Nasema mapenzi kwa sababu yalikuwa mapenzi.

Sierra alikwama pembeni mwa kilima. Ardhi ilionekana ngumu, lakini lilikuwa ganda tu, na chini yake unga laini. Magurudumu yalitoboa ganda, akazama mpaka vitovu vya magurudumu. Kukwama kwenyewe kusingemuua. Kilichomtisha kila mtu ni majira ya baridi. Sierra aliishi kwa jua, na pale alipokaa ubapa wake wa kunasa jua ulikuwa umeinamia kusini, wakati jua la baridi lingepita chini kabisa upande wa kaskazini. Ama atoke afike kwenye mteremko unaotazama kaskazini, ama betri ikauke na baridi ipasue nyaya zake. Hapakuwa na njia ya tatu, na vumbi lilizidi kumfunika.

Ndipo tulipomwamsha Shangazi. Huyo alikuwa pacha wa Sierra aliyebaki duniani, kizee kilichokwaruzika, kinakaa kwenye ukumbi wenye sanduku la udongo ukubwa wa chumba. Udongo tuliuchanganya wenyewe: udongo wa mfinyanzi na ule unga mweupe wanaochujia maji ya mabwawa ya kuogelea. Muuza duka alituuliza tuna bwawa kubwa kiasi gani. Shangazi tulimpunguza vifaa, kwa sababu hapa kwetu kila kitu kina uzito zaidi kuliko kule, tukamfukia kama mwenzake alivyofukiwa, tukajaribu kumtoa. Kila jaribio likiisha tunamnyanyua kwa winchi, tunachekecha udongo, tunausawazisha, tunamfukia upya. Kusawazisha alifanya Verne, hakumwachia mtu.

"Verne, unapanda nini humo, nyanya?" Lorraine Pettiford, mkuu wetu, alimtania.

"Napanda gari, bosi. Likichipua nitakuuzia."

Wiki ile mimi nilikunja mkono wa Sierra, nikaingiza kamera chini ya tumbo lake. Kamera ile ilitengenezwa kuona vitu vya karibu sana, kwa hiyo picha ilikuja ukungu mtupu. Lakini katikati ya ukungu palikuwa na kitu cheusi chenye ncha, kimegusa tumbo. Nikamwita Verne.

"Jiwe hilo," nikamwambia.

"Kivuli."

"Kivuli gani kina ncha? Kama amekalia jiwe, uzito wote uko tumboni. Magurudumu yatazunguka bure, Verne."

"Zaro, macho yako yamechoka. Nenda kalale, ule na kitu."

"Usinitume kulala kama mtoto! Weka jiwe chini ya Shangazi uone."

"Sanduku langu halina mawe," akasema, na akalisema kwa fahari, mjinga yule.

Siku iliyofuata Shangazi alitoka. Alitikisika, akajivuta, magurudumu yakashika moja baada ya jingine, akapanda juu ya udongo mzima mzima huku ukumbi unapiga makofi. Karanga zilizunguka mezani, maana pale kwetu hakuna amri kubwa inayotumwa bila kutafuna karanga. Verne aliandika amri zilezile, kwa mpangilio uleule, tukazituma. Kesho yake picha zikaja. Sierra alikuwa amezama zaidi.

Mtu mwingine angesimama hapo. Verne alirudi sandukuni, akachekecha, akasawazisha, akabadili pembe ya magurudumu kidogo, Shangazi akatoka tena, tukatuma tena, Sierra akazama tena. Ikaendelea hivyo huku umeme wa Sierra ukipungua kila tukiupima. Nilipiga kelele mikutanoni mpaka watu wakaanza kuangalia saa zao nikisimama. Picha yangu ilikuwa ukungu, Shangazi alikuwa mbele ya macho yao, anatoka. Nani amwamini nani? Verne alikonda. Bi Hatsue alinipigia simu kazini.

"Mwanangu hali," akasema. "Namfungia wali kwenye karatasi, anarudi nao. Yule wake ametoka?"

"Bado, mama."

"Yeye ananiambia karibu."

"Anakudanganya, mama. Nisamehe."

"Najua ananidanganya. Nilimzaa mimi."

Sijui kama alimwambia kitu. Ila mchana mmoja Verne aliingia ukumbini amepakata jiwe, kubwa kama mkate, bado lina matope ya mto. Hakusalimu mtu. Alimwomba kijana wa winchi amnyanyue Shangazi, akaliweka lile jiwe chini ya tumbo kwa mikono yake miwili, akamshusha. Akatoa amri iliyomtoa Shangazi mara zote zile. Magurudumu yakazunguka. Yakachimba, yakarusha unga mpaka tukakohoa, na Shangazi hakusogea hata kidogo. Verne alizima mitambo, akakaa ukingoni mwa sanduku na viatu vyake ndani ya udongo.

"Ni jiwe, Zaro."

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo. Nilikuwa na maneno makali ya kutosha.

"Nilikuambia," nikasema, lakini taratibu.

"Nimemzamisha mwenyewe. Kila nilipomtuma atoke, nilikuwa namchimbia."

"Inuka. Bado ana umeme kidogo."

Aliinuka. Mkutanoni alisimama mbele ya kila mtu, akasema bila kuzunguka kwamba sanduku lilikuwa safi kuliko Mirihi na kwamba Sierra hatatoka tena kamwe. Akaomba jambo moja: nguvu chache zilizobaki zitumike kumlaza, magurudumu ya kaskazini yachimbe ili upande ule ushuke na ubapa wake uliangalie jua. Atakaa palepale milele, lakini awe hai. Lorraine alifuta miwani yake, akasema sawa.

Tulifanya kazi kama watu wanaochota maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Shangazi, sasa akiwa juu ya jiwe lake, alitufundisha gurudumu lipi lizungushwe na kwa kiasi gani. Mara hii aliyotuonyesha Shangazi ndiyo yaliyotokea kule. Sierra alianza kulala upande wa kaskazini, kidogo, kisha kidogo tena. Nilimkumbatia Verne, naye hapendi kukumbatiwa. Kama tungekuwa na siku tulizozitupa, angefika. Naliandika hili kwa hasira, na hasira hiyo sijui nimpelekee nani. Umeme uliisha kabla hajalala vya kutosha, akatuma vipimo vyake vya mwisho, akanyamaza.

Tulisikiliza majira yote ya baridi, na ya kuchipua yakaingia, jua likampanda Sierra kichwani, tukasikiliza bado. Verne alikuja kila siku, amenyoa, amechana nywele, kama mtu anayeenda kumwona mgonjwa hospitali. Hapakuwa na kitu. Mwishowe amri ikatoka juu kwamba antena za kumsikiliza zinahitajika kwingine. Lorraine alikuja mezani kwetu mwenyewe.

"Verne, tuma ya mwisho. Andika upendavyo."

Tulidhani ataandika kwaheri. Amri haiondoki kwetu mpaka mtu wa pili aisome na kutia sahihi, kwa hiyo akaisukuma upande wangu. Nikaisoma. Magurudumu yote, mbele, kwa nguvu zote. Nikatafuta mahali pa kusimama, maana kila amri ya kuendesha ina mipaka: ukiinama sana simama, ukizama simama, umeme ukishuka simama. Verne alikuwa maarufu kwa mipaka yake. Humo hamkuwa na hata mmoja.

"Hujaweka pa kusimama," nikamwambia.

"Najua."

"Kuna jiwe chini yake, Verne."

"Najua, Zaro." Macho yalikuwa yamemjaa na hakuyaficha. "Akiamka, aende. Mimi simzuii tena."

Ilikuwa amri mbovu, ya aina tunayomfukuzia mwanafunzi. Nikachukua kalamu nikatia sahihi.