Jiwe Lisilo na Mdudu Chini Yake

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, wakati huo nikiwa kijana mwenye mke mpya na cheti kipya, na sijui kipi kilinivimbisha kichwa zaidi.

Mwanangu, cheti chenyewe nilikipata darasa la jioni kule Mikumi. Tulisoma kwa bidii mpaka tembo wakawa wanakuja dirishani kusikiliza hesabu, na mmoja wao, nina hakika, angefaulu kunizidi kama angepewa kalamu. Nilikitia cheti kwenye fremu nikahamia nacho ukweni, jirani na Kimamba, maana kwa watu wa mke wangu mwanamume akioa ndiye anayebeba godoro kuhamia kwa mke. Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Nililima nyanya kando ya kijito, upande wa juu. Chini yangu kidogo kulikuwa na kivuko ambapo wanawake walichota maji, na chini zaidi wafugaji walinyweshea ng'ombe. Mama mkwe wangu, Bi Tatu, alikuwa na desturi iliyonichekesha. Kabla hajazamisha ndoo alipindua jiwe ndani ya maji, akalitazama kwa chini, akalirudisha polepole kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Chini ya mawe yale walijishikiza wadudu wadogo bapa, wenye mikia mitatu myembamba kama nyuzi, na watoto wa kereng'ende, ambao kabla ya kuota mabawa huishi majini. Akiwaona, alichota. Mimi nilijisemea moyoni, huyu mama hajasoma. Mwalimu wetu alitufundisha kuwa maji safi hayana wadudu, na mimi nilimshika mwalimu kwa neno hilo moja, nikaacha mengine yote aliyosema.

Asubuhi hiyo nilipulizia nyanya dawa tangu alfajiri. Nilipomaliza, badala ya kubeba maji kwenda kuoshea bomba la kupulizia shambani, niliona uvivu. Nililitumbukiza kijitoni nikalisuuza mara mbili, povu jeupe likaondoka na maji. Tena nikajipongeza: hao wadudu nao wakifa, si ndiyo maji yatatakata? Msomi akipotea, mwanangu, hupotea na ramani mkononi.

Jua lilipopanda niliteremka kivukoni kunawa miguu. Nikamkuta Bi Tatu amepindua jiwe la tano. Hakukuwa na kitu. Pembezoni mwa maji mtoto wa kereng'ende alielea tumbo juu, na wale wa mikia mitatu walikuwa wamekusanyika kwenye nyasi kama makapi ya mpunga.

"Mwageni maji," akawaambia wenzake.

"Tatu, mimi nimeshajitwika," akasema Mama Zuhura, jirani yetu. "Nimwage ndoo kwa msiba wa mdudu?"

"Mwaga, mwenzangu. Kilichomuua huyu hakijaenda mbali."

Wakamwaga. Habari ikamfikia mwenyekiti wa kitongoji, naye akaja na wazee wawili. Wakati huohuo akatokea Saitoti, mfugaji wa rika langu, anashusha ng'ombe wake kunywa. Siku mbili nyuma watu walikuwa wamemwona akiwanyunyizia dawa ya kupe, basi vidole vyote vikamgeukia yeye.

"Niliwanyunyizia bomani," akasema Saitoti. "Hawakuingia majini. Sina shahidi, labda muwaulize ng'ombe."

Mwenyekiti hakucheka. Alisema kuanzia siku hiyo mifugo yake isikanyage kijito kile, aende nayo mto mkubwa. Mwanangu, mto mkubwa ulikuwa mwendo wa nusu siku, jua la kupasua kichwa, na yeye ana ndama ambao wengine hawajatimiza mwezi. Nusu yao wasingefika. Kila mtu pale alilijua hilo, na mimi nililijua kuliko wote, lakini ulimi wangu ulikuwa mzito kama lori la miwa la Kidodi lililozama kwenye tope. Niliwaza: nikisema, mke atanitazamaje, wakwe watanirudisha Mikumi na fremu yangu.

Bi Tatu akaja kuokota ndoo yake karibu na miguu yangu. Kumbe shati langu lilinuka dawa tangu nilipofika. Akasema kwa sauti ya chini, nisikie mimi tu:

"Baba, mdudu wa majini hana mdomo wa kusema kilichomuua. Wewe unao."

Akajitwika ndoo tupu, akasimama kungoja.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeoshea bomba langu hapa juu asubuhi."

Kisha Mama Zuhura akasema, "Kumbe yule msomi," na wanawake wakacheka, kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka Kilosa mjini. Saitoti hakucheka. Akasema, "Ng'ombe wangu hawajanywa bado. Ungekaa kimya kidogo tu, leo tungeongea lugha nyingine."

Maji yalikuwa na sumu, kwa hiyo siku hiyo bado ilibidi mifugo iende mto mkubwa. Nilikwenda naye. Ndama mmoja nilimbeba begani njia nzima, na nakuapia alikuwa anaongezeka kilo kila tukivuka kichaka. Wote walifika. Mwenyekiti akafuta amri yake, na mimi nikapewa kazi ya kuwabebea wanawake wote wa kivukoni maji kutoka bomba la maji la Kimamba, kwa baiskeli, mpaka Bi Tatu aseme basi.

Alichelewa sana kusema basi. Kila wiki nilipindua mawe naye, na hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa kweli. Alinieleza kuwa wale bapa hula utelezi na majani yanayooza, ndio wafagiaji wa kijito. Watoto wa kereng'ende hula viluwiluwi vya mbu. Samaki nao huwala wote. Niliyaona mwenyewe: mwaka ule perege walipungua, na mbu wa madimbwi ya kando ya kijito walinona mpaka wakawa wanabisha hodi kabla ya kuingia. "Ukiwakuta wadudu hawa, chota, chemsha, kunywa," aliniambia. "Usipowakuta, hata kuchemsha usichemshe. Sumu haiogopi moto." Mvua zilipoanza, mdudu wa kwanza wa mikia mitatu akashuka na maji ya juu, akajishikiza kwenye jiwe. Nilimwita mke wangu aje amwone kana kwamba tumepata mtoto.

Basi, mwanangu, wewe unayelima leo bondeni na bomba lako la kisasa mgongoni, sikia. Mdharau mwiba mguu huota tende. Bomba lioshee shambani, mbali na maji, na maji ya kusuuzia yanyunyizie humohumo shambani. Ukingo uache na nyasi zake. Kabla hujachota, pindua jiwe, ulirudishe ulivyolikuta, maana hiyo ni nyumba ya mtu. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzio hajabeba mzigo wako juani.

Mungu akupe nyanya nyingi na ujasiri wa kusema kweli. Maji yako yawe hai, na wanaokunywa chini yako wasikose kukuombea dua. Amina.