Kitambaa cha Mistari kwenye Swichi ya Lifti

Tangu ahame, shimo la lifti yetu limekuwa bubu. Mlango unafunguka, unafungwa, watu wanapanda na kushuka kama kawaida, lakini ile sauti iliyokuwa ikitoka chini kabisa, ya mtu anayeibembeleza mashine kama anayekamua ng'ombe mkorofi, haipo tena. "Taratibu, mama. Taratibu. Nani kakukimbiza?" Sisi wa ghorofa ya tano tuliisikia kila tulipobonyeza kitufe. Wageni waliokuja kwetu kwa mara ya kwanza walishtuka, wakauliza nani amekwama humo ndani. Hakuna aliyekwama. Alikuwa Pandashuka, fundi wa lifti, akiwa kazini.

Jina hilo alipewa na watoto wa jengo, naye akalipokea bila kinyongo. Aliishi chumba cha chini karibu na ngazi, pamoja na mkewe mshonaji na binti yao kitinda mimba, aliyekuwa anasomea biashara chuoni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye vidole vyeusi vya grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga, na tabia ya kuinamisha kichwa kidogo anapoongea na mtu, kama bado yuko chini ya dari fupi.

Aliyemfundisha kazi alimwachia sheria moja ambayo mafundi wote wa kampuni yao waliishika kama kiapo. Ukikuta mashine haifai kubeba binadamu, zima swichi kubwa, funga kitambaa kwenye mpini wake, ondoka. Aliyefunga ndiye anayefungua. Mwingine hagusi, hata awe bosi, hata watu wakitukana kwenye ngazi mpaka sauti ziwakauke. Vitambaa vya Pandashuka vilikatwa na mkewe kutoka kwenye mashati yake yaliyochakaa. Mama huyo alipenda kusema kwamba mumewe ndiye mtu pekee anayevaa shati mara mbili: kwanza mgongoni, kisha kwenye mashine.

Mshtuko wa kwanza ulikuja asubuhi moja alipofika kazini akakuta karakana inafungwa. Hakukuwa na ugomvi wala tangazo. Karani alikuwa anatia vikombe kwenye boksi. Alimwambia kwamba kampuni imeshindwa kujiendesha, na kazi zote zinachukuliwa na kampuni nyingine kubwa yenye mafundi wake. Pandashuka alisimama pale akiwa na begi la spana begani, kinywa wazi. Kisha, kama mtu anayekumbuka kufunga bomba la nyumba inayoungua, akasema, "Mwanangu, lile jengo la kliniki ya macho, jana nimefunga kitambaa."

"Ndiyo, baba," karani akajibu, akatafuta gazeti la kufungia vikombe.

Hivyo ndivyo taarifa ile ilivyoandikwa: kwenye hewa.

Mtu aliyepita miaka hamsini akitafuta kazi hutazamwa kama kiti kilichotolewa nje. Haijulikani kinasubiri kutengenezwa au kutupwa. Alizunguka, akarudi, akazunguka tena. Ndipo binti yake alipomfungulia ukurasa kwenye ule mtandao wa watu wa kazi, ambako kila mtu amevaa shati safi na anasema ana furaha kutangaza jambo fulani. Pandashuka aliuchukua kwa moyo wote. Alipiga picha mikono yake imeshika roda ya lifti, akaandika sentensi moja, na chini yake akapanga alama za reli kama mabehewa: #kazi #mafanikio #uongozi #motisha #maisha #ndoto #Jumatatu #tabasamu, na nyingine tele.

Jioni akaulizia. Picha ilikuwa imetazamwa na binti yake, na mtu mmoja anayeuza viatu.

"Baba, hii chumvi umeiweka kwa koleo," binti akasema. Walikuwa wamekaa mlangoni, mimi nikisubiri suruali yangu ipunguzwe kiuno. "Wewe na tabasamu wapi na wapi?"

"Si nawavuta watu?"

"Unawavuta watu gani? Anayetafuta tabasamu hatafuti fundi wa lifti. Sikiliza. Alama ya reli ni kama kibao cha mlango. Ukiandika 'nyumba', kila nyumba ni nyumba. Weka tatu tu. Moja ya fani yako, ambayo waajiri wanaifuatilia. Moja ya jambo lenyewe ulilofanya. Moja yako mwenyewe, ya kukukusanyia kazi zako mahali pamoja. Na kabla ya kuitumia yoyote, ibonyeze kwanza uone nani yumo ndani. Usije ukaingia matangani na nguo za harusi."

"Haya, mwalimu," akasema baba yake. Mkewe, bila kuinua macho kwenye cherehani, akaongeza, "Mimi niliyemwambia apunguze maneno tangu tunaoana, hakunisikia. Kumbe nilikosa reli."

Akajifunza. Akachagua #FundiLifti, kisha #UsalamaWaLifti, na ya kwake ikawa #FungaKitambaa. Aliacha kuandika habari za ndoto. Aliandika kwa nini mlango wa lifti hugonga mara mbili kabla ya kufunga, na jinsi ya kujua kwa sikio kwamba kamba ya chuma inaanza kuchoka. Polepole watu wakaja: mafundi wa miji mingine, wasimamizi wa majengo, hata mwalimu wa chuo cha ufundi. Wengine nao wakaanza kuitumia alama yake bila kuuliza maana yake, kwa kuwa ilipendeza na ilikuwa inapanda. Kila asubuhi aliibonyeza kwa kidole cha grisi, akatazama nani kaingia ndani.

Ndipo ikaja ile Ijumaa ya furaha. Mwanamke wa ajira wa kampuni kubwa, ileile iliyochukua kazi zao, alimwandikia: ameona maandishi yake kupitia #FundiLifti, na Jumatatu wanamkaribisha kwa usaili. Mkewe alipiga pasi shati jeupe usiku huohuo akalitundika juu ya kabati. Sisi majirani tulipita mmoja mmoja kumpongeza, na hakuna aliyesema waziwazi kwamba hatukuamini mtandao ungeweza kumpa mtu kazi ya mikono.

Asubuhi ya Jumamosi nilishuka kuchukua suruali yangu nyingine. Nilimkuta Pandashuka amekaa kitandani, simu kiganjani, uso umempauka. Nilidhani amefiwa. Akanigeuzia simu.

Ilikuwa picha ya kampuni ileile kubwa. Vijana watatu wenye kofia mpya wamesimama kwenye chumba cha mashine juu ya paa, wanacheka. "Tumeirudisha lifti ya jengo la kliniki ya macho," iliandikwa, na chini yake alama za reli zimejazana kama siafu. Walikuwa wamezoa kila alama iliyokuwa inatembea katika fani hiyo. Kati yake, karibu na mwisho, ilikuwemo #FungaKitambaa. Bila alama hiyo, picha isingemfikia kamwe.

"Tazama nyuma yao," akasema.

Nilitazama. Sikuona kitu. Mkewe alikuja akiwa na pini mdomoni, akainama juu ya bega langu, na pini zikamdondoka.

"Hilo shati lako la mistari," akasema. "Ulilovaa harusi ya dada yako."

Kwenye mpini wa swichi kubwa palining'inia kitambaa cha mistari ya bluu, mizunguko miwili na mkia kuelekea chini, kama alivyokuwa akifunga yeye. Na mpini ulikuwa umeinuliwa. Swichi ilikuwa imewashwa, kitambaa kikiwa bado kimefungwa juu yake.

Cherehani ilikuwa imesimama, maji yalikuwa yanachemka kwenye jiko na hakuna aliyeyaendea.

"Breki ya mashine ile imekwisha," Pandashuka akasema hatimaye. "Imebaki chuma kwa chuma. Ikizidiwa uzito, haishiki."

Nililijua jengo lile. Kliniki iko ghorofa ya saba. Watu wanapanda wakiona kwa shida na wanashuka jicho moja limefungwa bendeji. Kwa miezi mingi walikuwa wamepanda ngazi wakishikwa mikono, na sasa, kwa mujibu wa maoni yaliyojaa chini ya picha, walikuwa wanashukuru.

Akapiga namba ya kampuni. Sauti iliyorekodiwa ikamwambia ofisi zitafunguliwa Jumatatu. Akampigia mwanamke wa ajira. Simu imezimwa. Jengo lenyewe liko upande wa pili wa mji, na namba ya mlinzi wake alikuwa hana.

"Mume wangu," mkewe akasema taratibu, "Jumatatu si keshokutwa tu? Ukishaingia ndani utaitengeneza kwa mkono wako. Ukiwaandika leo hadharani, hilo shati hapo juu ya kabati nimelipiga pasi la nini?"

Hakuna aliyemlaumu. Kodi ya chumba ilikuwa inalipwa na cherehani yake peke yake.

"Na wanaopanda leo?" akauliza Pandashuka.

Mama akaokota pini zake moja moja.

Aliandika chini ya picha ile, mbele ya macho yetu: kitambaa kwenye swichi ni changu, nilikifunga kwa sababu breki ya lifti hii imekwisha, tafadhali izimeni sasa hivi. Akaweka jina na namba yake. Kisha akaongeza #FungaKitambaa na kutaka kutuma.

Binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na mswaki mkononi, akamshika mkono.

"Hiyo utaisoma wewe na mimi. Nani yuko ndani ya jengo saa hizi?"

"Manesi. Wagonjwa."

"Basi weka wanayoisoma wao." Akachukua simu, akatafuta. Kliniki ilikuwa na alama yake ya kutangazia siku za madaktari, na manesi walikuwa wanaitumia kila siku. Akaiweka ya kwanza. Ya pili akaweka #UsalamaWaLifti. Ile ya baba yake akaifuta. Akayarudia maneno yaleyale pia kwenye ukurasa wa baba, na picha akaikata ibaki swichi na kitambaa tu. "Sasa tuma."

Akatuma, kisha mimi naye tukatafuta teksi.

Tulipofika, lifti ilikuwa imezimwa. Nesi mmoja alikuwa ameuona ujumbe akiwa anaandaa matone ya macho, akapiga kelele mpaka mlinzi akapanda kwenye paa. Watu walikuwa wamejaa kwenye ngazi, wanalalamika. Bibi mmoja mwenye bendeji alikuwa amekaa kwenye kiti ghorofa ya saba, amekunja mikono.

"Mmenipandisha kwa mashine," akasema, "mtanishusha kwa mdomo?"

"Tutakushusha kwa mabega, mama," akajibu Pandashuka.

"Wewe ndiye uliyeizima?"

"Ndimi."

"Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nina moja tu leo, sikuoni vizuri. Ngoja nipone nije nikutukane."

Tulimshusha na kiti chake, Pandashuka upande mmoja, mlinzi upande mwingine, mimi nikibeba mkoba.

Baadaye akaja injinia wa kampuni, kijana mmoja kati ya wale watatu wa kwenye picha, amekasirika na kofia yake mpya mkononi. Tulipanda wote kwenye chumba cha mashine, wao wakafungua breki. Niliona kijana anaingiza kidole mahali ambapo panapaswa kuwa na kibao kinene cha breki, kidole kinagusa chuma kitupu. Akakaa sakafuni.

"Tulibadilisha vitufe, taa, mlango," akasema. "Mkataba ulisema lifti ilisimama kwa sababu ya umeme. Breki hatukufungua." Akatazama kitambaa. "Na hicho, mzee wangu, nilidhani ni tambara la kufutia grisi. Niliona mtu amelisahau."

Nilitegemea Pandashuka amkaripie. Badala yake yeye ndiye aliyeduwaa. Nilimwona anakitazama kitambaa kile kana kwamba anakiona kwa mara ya kwanza: kipande cha shati, mistari ya bluu, hakina neno hata moja. Miaka yote ile alikuwa akiondoka na kulala usingizi, akijua kwamba kinasema. Kilikuwa kinasema na mafundi wenzake watano tu, na karakana yao imefungwa.

"Si kosa lako peke yako," akamwambia kijana. "Mimi nilifunga, sikuandika."

Jumatatu mwanamke wa ajira alimwandikia kwamba usaili umeahirishwa. Hakumwandikia tena. Picha ya kampuni iliondolewa, lakini ile ya swichi kwenye ukurasa wake ilikuwa imeshasambaa kwa mafundi wa nchi nyingi. Wengi walimsifu. Mmoja aliandika: fundi gani anafunga tambara mahali pa kufuli na kibao cha maandishi? Binti alitaka kumjibu kwa makali. Baba akamkataza. Alilisoma neno lile kwa sauti, akalirudia, kisha akamwomba mkewe kalamu ya wino usiofutika, ile ya kuchorea vitambaa. Tangu siku hiyo hakufunga kitambaa kisichokuwa na jina lake, namba yake, ugonjwa wa mashine na neno USIWASHE, na pembeni yake kufuli.

Shati jeupe lilikaa juu ya kabati mpaka likashika vumbi kwenye mabega.

Wamiliki wa jengo la kliniki walivunja mkataba na kampuni kubwa, wakatafuta mtu wa kukaa na mashine. Nesi wa matone ya macho ndiye aliyewapa namba. Hatukuamini kwamba angehama, mpaka tulipoiona cherehani inapita mlangoni imefunikwa shuka.

Sasa Pandashuka ni fundi wa kudumu wa jengo lile, na anaishi na mkewe katika chumba kilicho juu ya paa, ukuta mmoja na mashine. Ukurasa wake bado unasema anatafuta kazi.